Foleni ya Bwawa la Elk Fork

Jumamosi ya kwanza ya Juni Bwawa la Elk Fork lilipata wazimu wake wa kila mwaka. Theluji ilikuwa bado vileleni, lakini pikapu zenye boti nyuma zilishajipanga kutoka gatini hadi barabara kuu. Pale mbele alisimama Corinne Archuleta, mkaguzi, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani na nywele nyeusi zimesukwa mkia mmoja hadi kiunoni. Kazi yake ilikuwa kuwasaka kome, wale wadogo kama punje wanaosafiri kwenye maji yaliyobaki botini, ambao wakishaingia ziwani hawatoki tena na huziba mabomba ya mji mzima.

"Kizibo umetoa?" alimuuliza kijana mrefu mwenye ndevu za shaba. Ndiyo sheria ya milimani: boti ikiwa barabarani, kizibo cha chini kinatolewa ili maji yote yamwagike.

"Nimetoa, dada. Na moyo nimeutoa, ukague vilevile."

"Mioyo hatukagui. Sogea, unachelewesha watu."

Alisogea, lakini shingo ikabaki kwa Corinne. Akaisukuma boti majini bila kurudisha kizibo. Kosa hili kila mtu wa Elk Fork amelifanya, na hakuna anayekiri. Boti ikazama hadi kwenye viti, honi zikalia, watu wakashika mbavu. Corinne akaingia maji ya theluji hadi kiunoni na kuziba tundu kwa kidole gumba.

"Wewe! Kizibo kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Kinafanya nini mfukoni?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, nikakisahau."

Jina lake Tad Lindqvist, mwalimu wa jiografia. "Mwalimu wa jiografia anazama gatini!" Corinne alicheka wiki nzima. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufika Julai hata wauza chambo walikuwa wanajua. Jioni walielea katikati ya milima, wakila burito, zile chapati za kukunja zenye pilipili kijani, miguu ikining'inia majini. Usiku ilikuwa zamu ya simu.

"Umekula?"

"Nakusubiri wewe nile, malkia wangu."

"Mwongo! Nasikia unatafuna."

Kila walipotoka ziwani, Corinne aliifunga boti kwa waya wenye muhuri. Boti yenye muhuri usiokatwa, ishara kwamba haijaingia ziwa jingine, hupita safari ijayo bila foleni. Ilikuwa halali kwa kila mtu, lakini Eldora, mkaguzi mwenzake, alikuwa na ulimi.

"Shoga, huyo anapenda muhuri. Tangu aanze kukuita malkia, umemwona kwenye foleni?"

Corinne alicheka, lakini neno lile lilimkaa kama mwiba. Je, anapendwa yeye, au njia ya mkato?

Katikati ya Agosti Tad alikwenda kuvua na kaka yake kwenye ziwa moja la jangwani, jimbo la Utah, lenye kome tele. Akarudi Jumamosi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, jasho linamtiririka, haraka kama anayefukuzwa. Corinne akainua mbao za sakafu ya boti. Chini yake maji yalikuwa yamesimama.

"Tad, haiingii. Itaoshwa kwa maji ya moto, kisha ikauke wiki tatu."

"Cori, mpenzi, leo tu. Nipitishe leo tu."

Ndilo neno alilokuwa akiliogopa. "Kumbe kweli," alisema. "Ulikuwa unapenda muhuri."

"Muhuri gani tena? Basi baki na sheria zako!"

Pikapu ikageuza, vumbi likamwingia Corinne machoni. Simu ililia usiku ule na usiku uliofuata. Hakupokea. Aliumia, na alilia kweli, uso kwenye mto ili mama yake asisikie.

Jumamosi iliyofuata alisikia vicheko vikija kutoka nyuma ya foleni.

"Shoga," Eldora alimvuta mkono, "njoo uone kioja."

Kati ya pikapu mbili alisimama Tad kwa miguu, shati lile jeupe limelowa mgongoni. Foleni ikisogea hatua mbili, naye anasogea hatua mbili. Alikaa juani saa mbili na nusu, akitaniwa na kila dereva, mpaka akafika mbele.

"Boti iko wapi?" Corinne alijikaza.

"Nyumbani, inakauka. Bado wiki mbili."

"Sasa hapa unafuata nini?"

"Sitaki muhuri, Cori. Leo ziwa lenyewe sina haja nalo. Nimekufuata wewe. Siku ile nilikuwa na pete. Nilitaka nikuulize kule katikati ya maji, haraka ikanifanya mjinga. Ungenipitisha ningewaharibia ziwa."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukupokea simu?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko, na machozi ya Corinne yakateremka humohumo.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," Eldora alipiga kelele. "Piga goti, mwalimu!"

Tad akapiga goti kwenye zege lililolowa, akatoa pete. "Utakubali nikuoe?"

"Dada, mkubali basi," dereva wa nyuma alilalama, "jua linatuua!"

Corinne akavua glavu, akanyoosha kidole. "Nimekubali. Na wewe toka kwenye mstari, kuna boti kumi na nne nyuma yako."

"Nikusubiri wapi?"

"Pale kivulini. Natoka saa kumi."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Tad akaenda kukaa kivulini, na hakusogea hata kununua maji.