Chiriku na Pini ya Hijabu

Asubuhi nyumbani kwa fundi cherehani ilianza kwa sauti mbili: mlio wa cherehani na mdomo wa binti yake. Cherehani ilinyamaza uzi ulipokatika, lakini binti hakuwa na uzi wa kukatika. Aliongea akipiga mswaki, akaongea akitafuta soksi, akaongea hata na chai iliyokataa kupoa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Hebu tulia nikufunge hijabu," mama alimwambia. Alikuwa amebana pini mbili kati ya midomo, kama mafundi wengi walivyozoea, na maneno yakatoka yamebanwa vilevile. Alipomaliza, alirudi nyuma hatua chache akamtazama. Ilikuwa hijabu nyeupe, aliyoikata na kuikunja pindo kwa mikono yake. "Mashallah, umependeza."

Chiriku alipenda kuambiwa hivyo. Nyumbani na madrasa aliivaa hijabu yake bila kukumbushwa. Tatizo lilikuwa shule. Mwaka huo alihamia shule mpya, na katika darasa lote la sita alikuwa peke yake aliyefunika kichwa. Siku ya kwanza mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza kwa sauti, "Wewe, umeficha upara?" Darasa likaangua kicheko. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu ajue kusema, siku hiyo alilikosa.

Basi akabuni mbinu. Kabla ya kufika getini alijificha nyuma ya tangi la maji, akavua hijabu na kuisokomeza chini ya vitabu. Jioni aliivaa tena palepale. Rafiki yake Twiga, msichana mrefu ambaye kwao walisali kanisani, ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

"Kwa nini usimwambie mama yako?" Twiga alimuuliza siku moja.

"Anazishona mwenyewe, Twiga. Nikisema sitaki kuvaa shuleni, atadhani namwonea haya yeye."

"Kwani hutaki?"

"Nataka. Ila sitaki kuchekwa."

Huo ndio uliokuwa ukweli wenyewe, na hakuwa amemwambia mtu mwingine.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jioni moja Twiga alichungulia barabarani, akashtuka. "Mama yako huyo! Anakuja na furushi la nguo!" Fundi alikuwa akimpelekea mteja nguo zake, na siku hiyo alipita njia ambayo hakuwa na kawaida ya kuipita. Chiriku akajitupia hijabu kichwani na kubana pini midomoni ili mikono iwe huru. Twiga naye, kwa hofu, aliinama ajifiche akagonga kichwa kwenye bomba la tangi. Ngo! Kicheko kikamtoka Chiriku kabla hajakizuia. Akavuta pumzi, na pini ikaingia nayo.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama akafika mbio. "Nini tena, mwanangu?"

"Vumbi, mama."

Mama akamwekea hijabu sawa. "Na pini yako iko wapi?"

"Imeanguka."

Nyumbani alimeza matonge ya mkate bila kutafuna, akiamini yataisukuma pini ishuke. Kikohozi hakikushuka wala kupungua. Baada ya siku mbili kikawa kinamchoma upande mmoja wa kifua kila alipovuta pumzi. La ajabu zaidi, Chiriku alinyamaza. Nyumba ikabaki na sauti ya cherehani peke yake, na hapo ndipo mama alipoanza kuogopa.

Shuleni Twiga alimshika mkono. "Mwambie. Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Nikitaja pini, ataniuliza kwa nini nilikuwa navaa hijabu njiani. Tafadhali, usiseme."

"Na ukifa je?"

Chiriku akageukia daftari lake. Mchana ule alikohoa kwenye leso, akaona doa dogo la damu. Aliikunja leso haraka, akaificha mfukoni.

Kesho yake mama hakuigusa cherehani. Alimpeleka zahanati, wakaingia kwa daktari, mwanamke kijana aliyevaa hijabu ya kijivu.

"Ilianzaje?" daktari aliuliza.

"Vumbi tu, daktari," mama akajibu. "Lakini hakiishi."

"Binti, ulipaliwa na kitu chochote?"

Chiriku akatikisa kichwa. Daktari akachukua kalamu aandike dawa ya kikohozi. Chiriku aliitazama kalamu ile ikianza kutembea. Alijua kwamba dawa hiyo haitamfaa kitu, na kwamba chumbani humo ni yeye peke yake anayelijua hilo. Mama alikuwa akimpapasa mgongo taratibu, bila habari. Chiriku alijisikia vibaya kuliko siku zote za maumivu yake.

"Si vumbi," akasema. "Ni pini. Nilikuwa navaa hijabu njiani, kwa sababu... kwa sababu huwa naivua nikienda shule."

Mkono wa mama ukasimama mgongoni mwake.

"Umefanya vizuri sana kusema," daktari alimwambia, akiweka kalamu chini. "Ulifanya nini baadaye?"

"Nilimeza mkate, ili uisukume."

"Mkate umekwenda tumboni. Pini nadhani imeingia njia ya hewa, na huko mkate haufiki. Ungeondoka na dawa yangu ya kikohozi, huku pini ikiendelea kukuchoma ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Picha ya eksirei ilionyesha mstari mwembamba mweupe wenye kichwa cha duara. Mama alipouona, aliketi.

"Nimeshaona wasichana wengine walioumia hivi," daktari akasema. "Mtu anabana pini midomoni akijifunga. Anacheka, anapiga chafya, au anajibu anapoitwa, basi. Mimi hijabu yangu ni ya kuvuta tu kichwani, haina pini hata moja."

"Amejifunza kwangu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Kila siku ananiona."

Katika hospitali kubwa madaktari walimpa Chiriku dawa ya usingizi, wakapitisha mrija mwembamba wenye kamera na kuitoa pini. Alipoamka, koo lilikuwa likimkereketa, na mama alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia," mama alijibu. "Tena nimeumia. Si kwa sababu ya kuvua. Ni kwa sababu uliniogopa mimi kuliko pini."

Chiriku akalia, kisha akasimulia yote: dawati la nyuma, kicheko, tangi la maji. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Upara!" akasema, akacheka huku akifuta machozi. "Na nywele hizo zinazonivunjia vitana!" Kisha akasogeza kiti karibu. "Mimi nilianza kuvaa kwa kuwafuata dada zangu, wala sikuwaza sana. Siku moja nikaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mkubwa wa pale akaniambia kazi ipo, ila nivue. Hapo ndipo nilipojiuliza, hii ni yangu au ya dada zangu? Nikaona ni yangu. Kazi nikaikosa, nikarudi nyumbani nalia. Mwenzangu mmoja aliivua, akaajiriwa, na mpaka leo ni rafiki yangu. Shangazi yako naye alianza kuvaa akiwa na watoto wakubwa. Kila mtu na safari yake."

"Kwa hiyo naweza kuivua?"

"Mimi ni mama yako. Ningefurahi uivae, na nitakufundisha maana yake mpaka unichoke. Lakini hijabu inayovaliwa nyuma ya tangi kwa kunikwepa mimi haimfikii Mungu, mwanangu. Inaishia kwangu."

Chiriku alipopona, mama alikwenda kuzungumza na mwalimu wa darasa. Pia alimshonea binti yake hijabu ya kuvuta, isiyo na pini, na mwenyewe akaacha kuweka pini mdomoni. Asubuhi ya kurudi shule hakumwambia avae wala asivae. Chiriku aliivaa mwenyewe, akapita tangi bila kusimama.

Darasani yule mvulana alimtazama. Onyo la mwalimu alikuwa amelisikia, lakini ulimi ukamwasha. "Bado unaficha upara?"

"Naficha majibu ya hesabu," Chiriku akamjibu. "Nimesikia wewe ni mwizi wa majibu." Darasa likacheka, na mvulana mwenyewe akacheka. Chiriku alikuwa amerudi.

Jioni alimsimulia mama bila kumeza mate. Mwishoni akapunguza sauti. "Lakini mama, wakati wa mapumziko nusura niivue. Kuna wasichana walikuwa wananitazama."

"Na ungeivua?"

"Ningekuja kukwambia."

Mama akasimamisha cherehani, akamvuta karibu. "Hilo ndilo nililolitaka. Usinifiche jambo kwa kuogopa kwamba litaniumiza. Ukweli unaouma, niletee, nitauweza. Pini iliyo kifuani mwako, mwanangu, siiwezi."