Karibu Haitolewi Jumla

Kariakoo haiachi nafasi ilale. Juu ya mfuniko wa mtaro kuna muuza soksi, kwenye kivuli cha nguzo kuna fundi saa, na ukiinama kufunga kamba ya kiatu utaulizwa unauza nini. Kwa hiyo Klara alipokuta kiwanja kitupu Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, katikati ya maghorofa, bila hata mtu mmoja aliyetandika turubai, alijua pana jambo. Wachuuzi walijibana ng'ambo ya barabara, juani, wakakiacha kivuli cha bure.

Klara alikuwa mtaalamu wa mipango miji, mzaliwa wa Mbinga, mpole lakini mng'ang'anizi. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka hapo, na bado alipiga hodi kila aliporudi, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba hata nyumba tupu husalimiwa. Kazini walimpa mpaka Ijumaa: wakazi wa zamani wakubaliane wanataka nini pale, la sivyo kiwanja kiwe maegesho ya magari. Nyumba ya watu wale ilibomolewa miaka tisa nyuma, kwa notisi ya siku tatu. Kuwanyima na kiwanja ingekuwa kutonesha kidonda, na Klara hakutaka kabisa mkono wake uwemo. Wenzake walikuwa na desturi ya kuchora kwanza na kuuliza baadaye. Yeye aliamini mtu aliyeumizwa huulizwa kwanza ameumia wapi.

Jumatano asubuhi walikuja kumi na wawili, wakiongozwa na Bi Nasma, aliyezaliwa katika nyumba ile, na Mzee Idrisa, fundi cherehani aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Klara hakuwapa karatasi. Aliwaomba waitandike nyumba yao pale chini kwa kanga na kamba, kila mtu chumba chake, ukumbi katikati, uani nyuma.

Kabla ya kuanza alifungua kikao kama alivyozoea.

"Shikamooni wazee wangu. Kila aliyekaa nyumba hii, aliyepo na asiyekuwepo, leo ana sauti. Mimi nawakaribisha wote."

Bi Nasma alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mwanangu, karibu haitolewi jumla," alinong'ona. Klara alidhani ni utani wa watu wa pwani, akacheka.

Kazi ikaenda vizuri. Walibishana dirisha lilikuwa wapi, wakataniana, na mama mmoja alilia alipokaa palipokuwa na kitanda chake. Vyumba vilikuwa sita, lakini vilitandikwa vitano. Upande wa kushoto, mwisho kabisa, pakabaki pengo, na kila aliyelikaribia alivua viatu bila kujitambua, akavishika mkononi na kulizunguka.

"Hapa alikaa nani?" Klara aliuliza.

Mzee Idrisa aliinama kukaza kamba iliyokuwa imekazwa tayari. Ilikuwa inakaribia saa sita, jua limesimama utosini.

Kwanza ilikuja harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, na ndani yake harufu ya sabuni ya mche, ingawa mvua haikunyesha mwezi mzima na pale kiwanjani hapakuwa na bomba. Halafu kelele za barabarani zikafifia moja baada ya nyingine, honi, kisha redio, kisha wapiga debe, na katika ukimya ule, ambao Kariakoo haina, ukasikika ufagio wa chelewa ukifagia polepole, ukitokea uani, ukiufuata ukumbi uliopimwa kwa kamba, ukipita katikati ya watu kumi na wawili waliosimama wima, na mbele ya macho yao mchanga ukaanza kupata mistari, mistari safi iliyosogea hatua kwa hatua mpaka kwenye lile pengo, ikalizunguka pande zote nne, ikaacha upenyo mmoja tu, upana wa mlango.

"Zulekha," mtu alisema kwa sauti ya chini.

"Zulekha yupo makaburini Kisutu, tulimtoa kwenye kifusi tukamzika wenyewe," Bi Nasma alinong'ona. "Maiti harudi. Huyu ni jini wake. Walikaa chumba kimoja miaka ishirini, na kiatu hakikuvuka mlango ule. Binadamu tulimzika. Huyu mwenzake, nani alimhamisha?"

Mzee Idrisa akakaa chini.

"Ni mimi," alisema. "Siku ile mkuu wa wabomoaji aliniuliza, humu mna mtu? Nikaona kufuli mlangoni kwa Zulekha. Nikamwambia hamna."

"Si kulikuwa na kufuli, mzee?" Klara aliuliza.

"Zulekha alikuwa akikaanga vitumbua tangu alfajiri, mchana analala. Alikuwa akifunga kufuli kwa nje asigongewe, kisha anaingia kwa mlango wake mdogo wa uani. Nilijua mtindo wake. Ila wale watu walikuwa na haraka, nikaona haya kuwachelewesha. Sikupiga hodi."

Klara aliogopa, lakini huruma ilimzidi. "Basi piga sasa, mzee wangu."

Idrisa alivua viatu, akajikokota mpaka kwenye ule upenyo.

"Hodi," alisema. Ufagio uliendelea.

"Hodi." Ufagio ukasimama.

"Hodi, Zulekha. Nisameheni, wote wawili."

Hapakuwa na jibu. Honi moja ikalia mbali, kisha mia, na Kariakoo ikarudi na makelele yake yote. Mzee Idrisa alilia kwa sauti. Bi Nasma alifungua kanga yake ya juu, akaitandika chumba cha sita, na kabla ya alasiri walikuwa wamekubaliana: viti vya kupumzikia, miti, bomba la maji, na chumba kile kibaki mchanga mtupu wenye mlango. Wote wakatia saini.

"Ameondoka," Klara alisema kwa furaha.

"Hapa ameondoka." Bi Nasma alimshika mkono, akachelewa kuuachia. "Kwako unakaa na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Na ulikaribisha wote, aliyepo na asiyekuwepo," Bi Nasma alisema.

Ijumaa mchoro ulipokelewa, na kiwanja kikawa cha wenyewe. Klara alirudi nyumbani saa sita mchana, jengo kimya, wanaume wameenda msikitini. Ngazi za ghorofa ya tatu zilikuwa zimefagiwa na bado zina unyevu. Zilinukia sabuni ya mche. Kufuli lilikuwa mlangoni kwake, kwa nje, vilevile alivyoliacha, na alipokuwa bado anatafuta ufunguo mkobani, mdomo wake ukatangulia kwa mazoea.

"Hodi."

Ndani, ufagio ukanyamaza.

"Karibu," ilijibu sauti ya mwanamke, nzito kama ya aliyeamshwa usingizini. "Vua viatu kwanza."