Mkono Uliooshwa kwa Ndimu

Asubuhi, mume wangu Ame akishatoka kwenda bandarini kuchukua mizigo, nilikuwa nikikaa ukumbini na mwanangu Wanu, nikimhadithia habari za bibi yake. Mtoto wa miezi saba anajua nini? Hajui kitu. Lakini moyo ulikuwa umenijaa, na sikuwa na mwengine wa kumwambia.

Nikimwambia: bibi yako yuko Makunduchi. Saa hizi yuko uani, anafagia. Anafagia kidogo, kisha anasimama na kushika kiuno. Nikifika hapo machozi yananitoka, na Wanu ananicheka.

Jina langu Mwanapili. Tulikuwa tunakaa mjini, Kikwajuni. Mama yangu, Bi Mashavu, alikuwa na jicho moja tu. La pili lilikwenda na ndui alipokuwa mtoto, na uso wake wote ulibaki na mashimo. Basi mwaka ule jicho lililobaki nalo likaanza kuingia ukungu, kwa ajili ya uzee. Akaniletea salamu kwa watu wa gari la shamba: "Mwambieni Mwanapili aje na mtoto siku ya Mwaka. Nataka kumuona, na jicho langu halitaningoja sana."

Mwaka mpya kwetu Makunduchi unaingia Julai. Siku hiyo vijana wanapigana kwa mchezo, kwa vigomba vya migomba, wanawake wanaimba, na kila nyumba inapika. Tena ni aibu mtu kupitisha siku hiyo bila mgeni mlangoni. Nikajua mama amekataa wageni wote. Ananingoja mimi na Wanu.

Sasa nikuelezeni ujinga wetu.

Ulikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza. Vyama sivitaji, wenyewe mnavijua. Watu waliingiwa na wazimu. Mtu wa chama hiki hanunui kitu dukani kwa mtu wa chama kile. Harusini kwake haendi. Hata maiti, jamani! Maiti ya jirani inapita na watu wamekaa barazani, wanatazama ukuta.

Mimi nilikuwa na shoga yangu, Shemsa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa nesi. Siku niliyomzaa Wanu, mkono niliokuwa nimeukamata ni wake. Baada ya uchaguzi Ame akaniambia nisiingie kwake. Mume wa Shemsa naye akamwambia asiingie kwangu. Tukawa tunakutana bombani, kila mmoja na ndoo yake, hatusemezani. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Mwezi wa Juni ndui ikaonekana mjini. Mtu mmoja, kisha wawili. Ikatangazwa kwamba watu wote wachanjwe. Na nani aliyewekwa kuchanja mtaani kwetu? Shemsa.

Hapo maneno yakaanza. Mengi yalitoka barazani kwa Usi, fundi cherehani, mkubwa wa tawi la chama chetu. Usi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu na alipenda watoto, ila mdomo wake haukuwa na kituo. Akasema dawa ile inatoka kwa nguruwe. Kesho yake akasema inafunga uzazi, ili chama chetu kikose watu. Keshokutwa akasema yote mawili. Usidhani upande wa pili walikuwa na akili zaidi. Wao walisema sisi ndio tulioileta ndui.

Lakini bila karatasi ya chanjo, gari la Makunduchi hupandi. Usi akatupa njia. Nendeni mkachanjwe, alisema, mchukue karatasi zenu. Mkifika nyumbani, pale palipochanjwa paosheni kwa ndimu na chumvi. Sugueni mpaka pawashe. Dawa yote itatoka.

Tukamwona Usi ana akili kweli!

Nikaenda skuli, walikokuwa wanachanja. Shemsa akatia tone la dawa mkononi mwangu, akakwaruza ngozi kidogo kwa sindano. Akafanya vivyo hivyo kwa Wanu. Hakunitazama usoni. Alisema tu kwamba niache pakauke penyewe, nisipaoshe. Nikachukua karatasi zangu nikaondoka.

Nyumbani nikakata ndimu. Nikajisugua mimi, kisha nikamsugua Wanu. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nami nikimwambia, nyamaza mwanangu, tunakwenda kwa bibi. Mungu anisamehe.

Siku ya kumi nikafunga safari. Nilichukua kanga mpya ya mama na halua aliyoipenda. Nilikaa dirishani ili Wanu apate upepo. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka naona haya.

Tulipopita Tunguu gari likasimamishwa. Bwana wa afya akaingia, akatazama karatasi za watu. Kisha akasema kila mtu apandishe mkono wa nguo. Alipofika kwangu akatazama sana. Akatazama mkono wa Wanu. Wenzangu walikuwa na vidonda na magamba. Mikono yetu sisi ilikuwa safi kabisa.

"Bibi, ulichanjwa lini?"

Nikamwonyesha karatasi. Siku kumi.

"Karatasi inasema umechanjwa," alisema. "Mkono unasema hukuchanjwa. Mimi nauamini mkono."

Nikamwomba. Nikamwambia mama yangu ana jicho moja, nalo linakwisha, na kesho ni Mwaka. Yule bwana alinihurumia, nilimwona. Lakini akasema, "Ukiwapelekea ndui kule, huyo mama yako utamsaidia nini?" Nikateremka. Gari likaenda zake Makunduchi na halua yangu, maana niliisahau kitini.

Siku ya Mwaka nilikuwa Kikwajuni nakuna nazi. Kila saa nilijua kule wako wapi. Sasa wanapigana. Sasa wanaimba. Sasa wamekaa kula, na mama anasikiliza mlango.

Jioni Usi akaja kunipa pole. Akampakata Wanu, akamrusharusha kama kawaida yake. Niliona macho yake mekundu. Mikono yake ilikuwa ya moto. Alisema amechoka tu, kazi nyingi.

Siku ya pili yake Usi alitokwa na vipele usoni na mikononi. Ilikuwa ndui. Gari la hospitali likaja kumchukua, na mtaa mzima ukafunga madirisha.

Nilikaa chini na Wanu miguuni. Sikulia. Nilikuwa namtazama uso tu, laini, hauna hata alama, na kila nikiutazama nauona uso wa mama.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Shemsa na mkoba wake.

Nikamwambia asiingie, Ame hataki.

"Najua," alisema. "Na wa kwetu wamenitukana njiani. Mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia Usi alimpakata jana jioni. Tena nikamwambia habari ya ndimu. Nilidhani atanigombeza. Shemsa alikaa mkekani, akamchukua Wanu, akautazama ule mkono. Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayefundisha kupika.

Alisema dawa haitoki kwa nguruwe. Inatoka kwa ndama. Ng'ombe ana ugonjwa wake unaofanana na ndui, ila mdogo, hauui mtu. Ukitiwa kidogo katika ngozi, mwili unajifunza kupigana nao. Ndui yenyewe ikija, inaukuta mwili umeshajua. Lakini dawa lazima ishike. Ukiiosha ingali mbichi kwa ndimu, unaiua, na mwili haujifunzi kitu. Ikishika, siku ya tatu au ya nne panatoka kipele. Siku ya saba kinajaa maji. Kisha kinafanya gamba, na wiki ya tatu gamba linaanguka. Mtoto anaweza kupata homa kidogo, na homa hiyo isikutishe. Usikikune kipele, usikitie majani, usikifunge kwa nguvu.

"Na uzazi?" nikamuuliza.

"Mimi nimechanjwa mara tatu. Watoto wangu wanne unawajua, wanakuibia mapera."

Nikacheka, na katika kucheka huko ndipo nikalia.

"Tumechelewa, Shemsa?"

"Mungu ndiye ajuaye. Leo ni siku ya pili tangu Usi alipomshika. Tukichanja sasa hivi, chanjo inaweza kuitangulia ndui. Kesho sikuahidi."

Ame alikuwa ameshafika mlangoni, sote hatukumsikia. Nilisimama mbele ya Shemsa, kwani nilijua maneno yatakayomtoka. Watu wawili wa tawi letu walikuwa nyuma yake barabarani, wanamwambia amtoe mwanamke yule nyumbani kwake.

Ame akamtazama mtoto. Akageuka nyuma.

"Kura yangu nimekupeni," aliwaambia. "Mtoto sikukupeni."

Akafunga mlango. Akapandisha mkono wa kanzu yake, akakaa mkekani wa kwanza.

Tukachanjwa sote watatu. Safari hii nilimkamata Wanu mikono mpaka dawa ikakauka, na maji hayakumgusa pale. Watu wa afya wakatuambia tusitoke nyumbani mpaka muda wa ndui upite. Shemsa alikuwa akituletea maji ya bomba, ndoo anaiweka mlangoni, tunazungumza yeye nje mimi ndani. Tulikuwa na maneno ya mwaka mzima.

Siku ya nne pakatoka kipele mkononi kwa Wanu. Hujapata kuona mama akafurahia kipele cha mwanawe kama nilivyofurahi mimi. Siku ya saba kikajaa. Homa ikampata siku mbili, ikaondoka. Kila asubuhi nilikuwa nikimvua nguo zote, namtazama kichwa mpaka nyayo. Ndui haikuja.

Usi alipona. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetoboka, na watoto aliowapenda walimkimbia. Siku ya kwanza aliyokaa tena barazani, aliwaita wateja wake wote, wa chama hiki na wa chama kile. Aliwaambia wamtazame vizuri, kisha waende wakachanjwe, na ndimu waiache jikoni. Siku ile foleni ya skuli ilifika barabarani.

Mwezi na zaidi baada ya Mwaka nikapanda gari tena. Pale Tunguu nilipandisha mkono kabla sijaambiwa.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, lakini aligeuza uso upande mwengine, kuitafuta sauti. Nikafahamu. Ndugu zangu wakaniambia siku ya Mwaka alikuwa bado anaona kidogo. Alikaa pale pale mlangoni tangu asubuhi na jicho lake, akitazama kila gari. Wiki ya tatu baada yake, ukungu ukafunga kabisa.

Ndimu moja na chumvi ya kiganja. Hiyo ndiyo iliyoninyima siku ile, na hakuna wa kunirejeshea. Wewe unayesoma haya, kama una mtoto hajachanjwa, usingoje mpaka uwe na kisa cha kusimulia kama changu.

Nikampa Wanu mapajani. Mama akaanza kumpapasa uso kwa vidole, paji, mashavu, pua, kidevu. Akarudia mara mbili, anatafuta mashimo.

"Hana kitu?"

"Hana kitu, mama."

Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya lile kovu la chanjo. Akalizungusha kwa kidole.

"Hili moja tu?"

"Moja tu."

Nikaanza kumwomba radhi. Nikamwambia ya ndimu, nikamwambia ya gari, maneno yakanipotea katikati. Mama akanikatiza.

"Nyamaza, Mwanapili. Mimi simuoni. Lakini yeye ananiona."

Na kweli, Wanu alikuwa amemkodolea macho yote mawili.