Mwizi Aliyevua Viatu

Bok-rye alikuwa mtu wa kushuku. Akinunua chumvi katika soko la mji wa Miryang, alitia mkono mpaka chini ya gunia, asije akauziwa mchanga. Mbwa wa jirani akikaa kimya, alitaka kujua amepewa nini. Mumewe, Du-sik, alimtania kwamba hata kivuli chake hukiuliza kinakwenda wapi.

Asubuhi moja ya Januari aliingia kusafisha chumba cha mwanawe. Ki-hun alifanya kazi Seoul na alikuja kwenye sikukuu tu. Hata hivyo mama yake hakukubali chumba kipoe. Maji ya moto yalipita kwenye mabomba chini ya sakafu mchana na usiku, mwana asije akafika ghafla akakuta baridi.

Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri. Lakini mkunjo ule haukuwa wake.

"Baba Ki-hun," aliita. "Umelala humu?"

"Nilale humo, kwani umenifukuza?"

"Basi kuna mtu anaingia."

"Kimepotea nini?"

Bok-rye alikagua kabati na droo. Hakikupotea kitu. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mwizi asiyechukua kitu bado anapanga.

Wa kumshuku alikuwa mmoja tu. Chanthou, msichana kutoka Kambodia, aliwafanyia kazi tangu kabla ya baridi kuanza. Alichuma mboga ya majani mapana, yanayoliwa kwa kufungia nyama, katika mabanda yao ya plastiki. Alilala katika kibanda kilichojengwa ndani ya banda la mwisho. Alikuwa mpole, mchapakazi, hajibizani na mtu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bok-rye alijisemea.

Siku ya gulio alijifanya anakwenda sokoni. Aliburuta kikapu chake cha magurudumu mpaka kwenye kona. Saa ya chakula cha mchana ilipofika, akarudi kwa mlango wa nyuma. Hapo mlangoni palikuwa na mabuti mawili ya mpira, yamepangwa sawasawa. Mwizi gani huyu avuaye viatu?

Chanthou alikuwa amelala kwenye sakafu ya chumba cha Ki-hun, miguu chini ya blanketi.

"Umeiba nini?"

Msichana aliruka, akapiga magoti. Maneno yake yalikuwa ya kuokoteza. "Samahani, mama. Joto tu. Nimechukua joto."

"Toa simu. Umepiga picha nyumba yangu, sivyo?"

Chanthou alitoa simu. Kulikuwa na picha moja ya chumba kile: dirisha, kabati, blanketi.

"Umemtumia nani hii?"

"Mama yangu. Kila siku anauliza, unalala wapi, huoni baridi? Nikamwambia nalala hapa." Akainamisha kichwa. "Nimemdanganya ili apate usingizi."

Bok-rye hakuamini. Ila aliona vidole vya miguu ya msichana. Vilikuwa vimevimba, vimeiva kama pilipili. Akaingiwa na shaka mpya. Je, kama ni ugonjwa wa kuambukiza? Akamkokota mpaka zahanati ya kijiji, kwa Nesi Noh.

"Hauambukizi, Mama Ki-hun," nesi alisema. "Ni baridi hii. Vidole vikikaa muda mrefu kwenye baridi na unyevu, damu haipiti vizuri. Vinavimba, vinawasha. Akiendelea hivi, vitafanya vidonda."

"Nimkande kwa maji ya moto?"

"Hapana. Wala usimweke karibu na moto, wala usivisugue. Apate joto polepole. Soksi kavu, mahali pakavu. Kwani analala wapi?"

"Ana kibanda chake."

"Ndani ya banda la plastiki?"

"Nimempa na blanketi la umeme."

"Umeme kwenye unyevu, na plastiki pande zote. Moto ukishika, atatokea wapi? Banda ni la mboga, Mama Ki-hun. Mtu anahitaji kuta, joto, choo, na mlango unaofungika."

Bok-rye alikasirika. "Sisi wenyewe ni watu wa chini. Dada yangu Seoul anakaa ghorofa ya ishirini. Mimi nina nini?"

"Wa juu yako umemtazama mpaka ukajua ghorofa yake," nesi alijibu. "Wa chini yako umeshamtembelea?"

Bok-rye alirudi akinung'unika. Alishuku kwamba nesi anatia chumvi. Jioni, Chanthou akiwa bado anachuma katika banda la mbali, akaingia kibandani ili ahakikishe mwenyewe. Akaketi kitandani. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Plastiki ilitoka jasho, na jasho lenyewe likaganda. Haukupita muda, akawa havisikii vidole vyake.

Ndipo aliposikia mngurumo wa mashine upande wa pili. Alikimbilia huko. Lilikuwa banda la majani. Taa zilikuwa zinawaka na hewa ilikuwa vuguvugu, kwa sababu majani yakipigwa na baridi huwa meusi na hayauziki. Bok-rye akavua koti.

Alisimama katikati ya majani yake, na aibu ikampanda. Majani yalipashwa joto. Chumba kitupu cha Ki-hun kilipashwa joto. Msichana aliachwa agande. Miaka yote hiyo Bok-rye alijililia umaskini, na hakuwahi kuifikiria sakafu aliyoikanyaga.

Wakati wa chakula alimwambia mumewe, "Chanthou anahamia chumba cha Ki-hun."

Du-sik aliweka kijiko chini. "Mgeni ndani ya nyumba? Wewe unayeshuku hata chumvi? Wale wamezoea shida."

"Kwao hakuna theluji. Baridi hii ameizoea lini?"

"Na Ki-hun akija?"

"Atalala na baba yake."

Du-sik alirudia supu yake. Asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyebeba godoro.

Baada ya wiki chache vidole vya Chanthou vilipona. Nesi Noh alipotembelea wakulima wengine, aliwaambia waende wakakione kile chumba.

Jioni moja Chanthou alimpigia mama yake simu ya video. Akaizungusha simu taratibu: dirisha, kabati, blanketi. Bok-rye alisimama mlangoni, akingojea sifa kidogo. Mama yule akasema maneno mengi.

"Anasemaje?" Bok-rye aliuliza kwa shaka.

"Anasema chumba anakijua. Ni kilekile cha kwenye picha."

"Hayo tu? Mbona amesema mengi?"

Chanthou alisita. "Anasema asante, mama. Kwa kunilaza hapa tangu baridi ilipoanza."

Bok-rye aliingia chumbani. Aliinama mbele ya simu, akainama sana, na hakuinua uso upesi. Kisha akaweka kiganja sakafuni kuhakikisha kwamba hakuna aliyezima mabomba.