Saba Ameitika

Saa nne asubuhi, katika ofisi ya kampuni ya kupandisha wageni mlimani, huko Majengo, Hajira aliita vituo kwa redio ya upepo kama kila siku. Waongozaji waliokuwa mlimani waliitika kwa namba zao. Hajira alimjibu kila mmoja, "Nimekupata," akaweka alama kwenye daftari: asubuhi ya kufungua, jioni ya kufunga.

"Hiyo redio mwishowe itakuoa," alisema Mama Mektrida, mpishi, akimenya ndizi za mtori mlangoni.

"Angalau hii inajibu ikiitwa, mama. Sita?"

"Sita, niko sawa."

Baada ya Sita, Hajira alikuwa akiruka hadi Nane. Saba ilikuwa namba ya Anaeli, aliyepotea kwenye ukungu mwaka jana pamoja na redio yake. Namba hiyo hakupewa mtu mwingine. Lakini kabla Hajira hajaita Nane, matone ya maji yalisikika kwenye spika, kisha sauti.

"Saba, niko hapa."

Kidole chake kilishabonyeza. "Saba, nimekupata."

Mama Mektrida aliacha kumenya. "Umemjibu nani?"

"Ni mazoea, mama."

"Usiyemwona akikuita mara moja, unanyamaza. Binadamu atarudia. Wale hawarudii."

Nane alikuwa Nurdin, mdogo wake Hajira, aliyekuwa akishuka peke yake siku hiyo. Alimwita mara tatu.

"Dada," sauti yake ilinong'ona. "Anaeli yuko mbele yangu. Anasema njia ni huku bondeni."

"Usimfuate! Simama hapo hapo."

"Amenishika mkono, dada. Wa kwake ni wa baridi."

Hajira alivuta daftari la mwaka jana, akapekua kurasa hadi siku ile, akakuta mstari wa Saba una alama ya kufungua na hauna ya kufunga, kwa sababu jioni ile hakuna aliyemwambia Anaeli kwamba kazi imekwisha, na wakati huo harufu ya majani yaliyooza ilikuwa imejaa ofisini ingawa nje jua liliwaka, naye akabonyeza, akasema polepole, "Saba, kazi imekwisha. Funga redio."

Maji yalidondoka.

"Nimefunga."

Harufu ikatoweka. Mama Mektrida alifanya ishara ya msalaba. Hajira alisoma Ayatul Kursi, akarudia.

Saa kumi jioni Nurdin aliingia, amelowa, mzima.

"Shikamoo, mama. Dada, mbona unalia?"

"Anaeli alikuachia mkono wapi?"

"Anaeli gani?" Aliweka redio mezani, akachomoa betri. "Hii ilizima alfajiri, dada. Leo sijaongea na mtu."

Mama Mektrida alimtazama Hajira.

Nurdin aliwapa mgongo, akatundika koti lake la mvua. Mezani, redio isiyo na betri ikakwaruza.

"Nurdin," iliita, mara moja, kwa sauti ya Hajira.

"Naam, dada," akaitika.