Saa Mbili ya Mama Hellen

Odeta anauza tiketi za basi katika standi ya Nyegezi, Mwanza. Basi lake huenda Bukoba. Huondoka saa mbili kamili asubuhi, na halimsubiri mtu.

"Bukoba! Bukoba! Dada, siti ya dirishani ipo!" Odeta huita hivyo kila siku. Kiswahili chake kinavuta abiria. Kiingereza chake ni kidogo: salamu, siku na namba. Lakini hapendi watu wajue.

Jumatatu jioni alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Uganda. Jina lake Hellen. Hakujua Kiswahili. Alikata tiketi ya kesho yake, kisha akauliza, "What time?" Yaani, basi linaondoka saa ngapi?

Odeta alifurahi. Swali hilo alilielewa. Basi linaondoka saa mbili, na mbili kwa Kiingereza ni "two". Akajibu kwa sauti kubwa, ili wenzake wasikie:

"Two o'clock!"

Jumanne saa mbili asubuhi, siti ya Mama Hellen ilikuwa tupu. Basi likaondoka.

Saa nane mchana Mama Hellen alifika na begi lake. Odeta akatikisa kichwa na kuonyesha barabara. Basi limekwenda. Mama Hellen akakaa juu ya begi, akalia bila sauti.

"Odeta, umemfanya nini mama wa watu?" aliuliza Pius. Pius anauza tiketi za Biharamulo katika dirisha la jirani.

"Mimi? Kachelewa mwenyewe!" Odeta alijibu. "Nilimwambia saa mbili."

Wakati huo akafika Gladness kuchukua mzigo wake. Gladness anasomea ualimu Butimba, na amepanga nyumba moja na Odeta.

"Shikamoo, dada Odeta."

"Marahaba. Hebu ongea na huyu mama."

Gladness akainama, akazungumza na Mama Hellen kwa Kiingereza. Aliporudi, hakutabasamu.

"Dada, amefiwa na mdogo wake. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Bukoba. Anasema ulimwambia 'two o'clock'."

"Ndiyo. Si saa mbili?"

"Hapana, dada. 'Two o'clock' ni saa nane."

Pius akacheka sana. "Profesa Odeta! Two o'clock!"

Uso wa Odeta uliwaka moto. Alitamani kujifungia ndani ya kibanda.

"Kaka Pius, wewe ungejibuje?" Gladness aliuliza. Pius akajifanya anahesabu tiketi zake.

Gladness akaonyesha saa ya ukutani. "Dada, tazama mshale mfupi. Uko kwenye namba gani?"

"Mbili."

"Na sisi tunasema saa ngapi?"

"Saa nane."

"Kwa Kiingereza wanasoma namba ileile ya mshale. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Ni hesabu nzuri, usiionee aibu. Haya, saa mbili asubuhi mshale unakuwa wapi?"

Odeta alifikiri. "Kwenye nane. 'Eight'."

"Ndiyo. 'Eight o'clock in the morning'. Yaani saa mbili asubuhi. Kosa la saa linasameheka, dada. Lakini ulisema amechelewa."

Odeta alitazama chini. "Niombee radhi, Gladness."

"Hapana. Sema mwenyewe: 'I made a mistake. I am sorry.' Yaani, nimekosea, samahani."

Odeta akatoka kibandani. Watu walikuwa wanamwangalia. Akapiga goti kidogo mbele ya Mama Hellen, akasema maneno hayo. Mama Hellen akamshika mkono, lakini machozi hayakukoma.

"Basi langu linaondoka saa tisa," Pius alisema taratibu. "Alale Biharamulo. Kesho saa kumi na moja alfajiri kuna gari la Bukoba."

Mama Hellen aliwatazama. Hakuelewa. Gladness alifungua mdomo, lakini Odeta akamzuia. Alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja, mshale mfupi uko kwenye tano.

"Biharamulo today," alisema. "Leo. Then Bukoba, tomorrow, five o'clock in the morning." Akaandika 5:00 na namba yake ya simu nyuma ya tiketi.

"Five o'clock?"

"Yes. In the morning."

Jumatano simu ya Odeta iliita. Alikuwa Mama Hellen. "I arrived at nine o'clock," alisema, yaani amefika Bukoba.

Odeta akatafuta tisa ukutani. Saa tatu asubuhi. Amewahi mazishi! Odeta alishusha pumzi. Lakini usiku wa mkesha Mama Hellen alikuwa Biharamulo, peke yake. Usiku huo Odeta hawezi kumrudishia.

Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: BUKOBA, SAA MBILI ASUBUHI, 8:00. Akaibandika dirishani.

Baadaye Pius alisogea na karatasi yake. Aliangalia huku na huku, akanong'ona:

"Odeta, na langu la saa tisa niandike ngapi?"

Odeta hakumcheka. Alimwonyesha mshale mfupi.