Waya Mweusi wa Sofia

Foleni ya sukari ilikuwa imeziba mlango wa sonara Kanubhai pale Kariakoo. Leodegar, na suruali yake ya bugaluu ya kahawia, akajipenyeza huku akitukanwa.

“Nataka waya wa fedha tupu,” alimwambia Sofia, msichana wa kazi wa sonara, aliyekuwa aking'arisha bangili kwa majivu.

“Wa pete ya nani?” Sofia alimtania.

“Wa maabara ya maji. Kipande kimoja cha kipimo chetu cha asidi kimekufa, na hela ya kigeni ya kuagiza kingine hakuna. Natengeneza kitu kisichoyumba, ambacho kipimo kitalinganisha nacho.”

“Mwanamume anayetafuta kisichoyumba! Karibu sana.”

Wakapendana hivyo hivyo, kwa utani. Leodegar aliutia waya kwenye maji ya chumvi, akaupitishia umeme wa betri za tochi hadi ukawa mweusi. Ijumaa mkuu wake, Bwana Gaudens, angekuja kuukagua. Ukiyumba, Leodegar angehamishiwa Tunduru, na baba yake Sofia alikwisha apa kwamba binti yake haolewi mbali na Dar.

Alhamisi Sofia akampelekea chakula, amevaa gauni jipya la kitenge. Leodegar alikuwa ametoka. Akauona waya ule mweusi, akadhani umechafuka, akamwonea Leodegar huruma. Akaomba ndimu, akausugua hadi ukameta.

Leodegar aliporudi, mshale wa kipimo ulikuwa ukiyumba, haukamatiki.

“Umefanya nini, Sofi?”

“Nimekusafishia, mpenzi.”

“Ule weusi ndio kazi yenyewe! Umeniua!”

Sofia alitoka mbio, analia barabarani bila haya. Jioni simu ya maabara ikalia.

“Leodegar, usikate. Nimevuta waya mwingine, nauleta.”

“Fedha umeipata wapi?”

“Nimeyeyusha bangili ya marehemu mama.”

Leodegar akazivuta karibu betri za tochi. “Nitaufanya mweusi, Sofi.”

“Ufanye. Bora usiondoke.”

Ijumaa mshale ulisimama tuli. Bwana Gaudens akapiga makofi.

“Kijana, Tunduru hawana kitu kama hiki! Jumatatu unakwenda kuwatengenezea. Utakaa huko huko.”

Leodegar akaenda dukani kwa Kanubhai. Alikuwa amekikunja kipande cheusi cha waya kilichobaki, kikawa pete.

“Baba yako atakataa.”

“Atakataa,” Sofia akasema, akanyoosha kidole.

Jumatatu, basi la Tunduru lilipokwisha ondoka na Leodegar, Kanubhai aliuona mkono wa Sofia.

“Sofia, pete chafu sana hii. Lete mimi nasafisha.”

“Usiiguse, mzee,” Sofia akasema, machozi yakimtoka. “Ukiisafisha itayumba.”